Pombe ya Jumamosi huanza Alhamisi ya wiki iliyopita

Juzi simu tena. Safari hii ni watu wanaotaka niwapigie picha za dokumentari ya dakika 20 kuhusu wapika pombe za kienyeji wa Dodoma, na siku za kupiga picha walizotenga ni moja. "Njoo Jumamosi kaka, kilabu kinajaa, utapata kila kitu." Ni mara ya nne mwaka huu naambiwa maneno hayo hayo, na nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Jumamosi hakuna pombe inayotengenezwa. Jumamosi pombe inanywewa. Ukifika na kamera siku hiyo utapata madumu, vikombe vya plastiki, wazee wawili wanaobishana na kijana mmoja aliyelala kwenye benchi. Utarudi na filamu ya walevi, na mtazamaji aliyeko Dar es Salaam atasema, "Kumbe gongo." Siyo gongo! Gongo hugeuzwa mvuke, ikapita kwenye bomba na kutona upande wa pili, na ina sheria yake ya kuipiga marufuku tangu mwaka 1966, sheria inayoiita moshi. Ujimbi wa Wagogo ni nafaka iliyochachuka, una uzito wa uji mwepesi, unanywewa ukiwa bado unachemka wenyewe, na kesho kutwa yake umeshakuwa mkali haunyweki. Kilabu kinachouza pombe ya aina hiyo huombewa leseni kama biashara nyingine yoyote. Anayechanganya vitu hivyo viwili anawaharibia kina mama wanaosomesha watoto kwa kazi hii.

Sasa hesabu siku. Alhamisi mtama unaloweshwa. Ijumaa maji yanamwagwa, mtama unatandazwa na kufunikwa magunia, unanyunyiziwa mpaka Jumapili mizizi inashikana kama mkeka. Jumatatu na Jumanne unaanikwa, unapukuchwa mizizi. Jumatano mashineni, na unga wake ndio kimea; jioni uji wa kwanza unapikwa na kuachwa uingie uchachu. Ijumaa uji huo unachemshwa tena, unapozwa, unatiwa kimea. Jumamosi unachujwa, wateja wanaingia. Hizo ni siku kumi, na wewe umekuja na betri mbili siku ya kumi.

Katika siku zote hizo iko dakika moja ambayo nikiikosa sina filamu, nayo ni ya kutia kimea. Hapa ndipo waandishi wa miswada wanaponiudhi kuliko pote, kwa sababu wanaandika "mama anaongeza kimea, yaani hamira." Kimea si hamira. Kimea kinakata wanga kuwa sukari. Chachu ndiyo inayokula hiyo sukari na kutoa kilevi na gesi. Kinachowachanganya ni kwamba chachu nayo imo humo humo kwenye kimea, imejishikiza kwenye punje, na imo kwenye mtungi ambao mwenyewe hausugui kwa sabuni. Wengine huongeza mashapo ya pombe iliyopita. Kwa hiyo tendo ni moja, kazi ni mbili, na ya kwanza inaonekana kwa macho.

Inaonekanaje? Uji wa pipa ni mzito kiasi kwamba mwiko unasimama katikati bila kushikwa. Mama anagusa ubavu wa pipa kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto sana kimea kinakufa, ukipoa sana uji unagoma kulegea. Anamimina unga wa kimea, anakoroga kwa mabega yote. Dakika chache tu, na ule mwiko unaanza kuinama taratibu, unalala kwenye mdomo wa pipa. Uji umekuwa mwepesi na hakuna aliyeongeza hata tone la maji. Mimi kila nikiiona shoti hiyo nywele zinanisimama. Na ni kimea hicho hicho ambacho miaka ya 1980 watu wa lishe nchini walihimiza kitiwe kijiko kwenye uji wa watoto, ili mtoto ale uji wenye nafaka nyingi bila kushindwa kuumeza. Weka hilo kwenye filamu yako, litafanya kazi kubwa kuliko mahojiano matatu ya wanywaji.

Dakika hiyo hairudiwi. Mwaka wangu wa kwanza, kijiji kimoja cha Chamwino, nilikuwa nabadilisha lenzi, nikamwambia mwenye pipa, "Mama, naomba unisubiri kidogo." Akanisubiri kwa heshima tu, mimi mgeni wake. Uji ukapoa. Alipotia kimea ulilegea nusu nusu, na kesho yake pombe ilikuwa na madonge na uchachu usio wake. Nikaomba angalau arudie kumimina ili nipate picha. Akasema, "Mwanangu, kimea hakirudi kwenye gunia." Nilimlipa pipa lile, lakini wateja wa siku ile walikwenda kwa jirani, na hao sikuweza kumlipa. Tangu hapo natumia kamera mbili, moja haiguswi. Na bado sina hakika kama ninachokipiga ni pombe yake ya kila wiki au ni pombe ya siku ambayo kuna mtu mwenye kamera nyuma ya mgongo wake.

Jingine linalonisumbua ni picha ya mtama ukichipua. Saa 72, fremu moja kila dakika 5, unapata fremu 864, yaani sekunde 34 na ushei zikipita fremu 25 kila sekunde. Inapendeza sana. Lakini mtama huchipua gizani chini ya gunia, na ukiufunua ili kamera ione, unakauka. Mimi huomba kiganja cha punje zake na kuziotesha kwangu, kwenye kitambaa chenye maji, chini ya taa. Ni mtama wake, si nyumba yake. Naandika hivyo chini ya picha. Mhariri anafuta kila mara, anasema maandishi yanavunja mtiririko, na kila mara nayarudisha.

Mengine haraka. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Maiki ishushwe kwa kamba karibu na mtungi usiku wa Ijumaa, mashine za kusaga zikinyamaza. Utasikia mchachuko kama mvua nyembamba juu ya majani makavu. Spika ya kilabu izimwe, la sivyo nyimbo za watu zitaingia kwenye filamu yako bila ruhusa. Kibali cha Bodi ya Filamu uwe nacho mkononi. Ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kupiga na baada ya kuhariri, kwa sababu mtu aliyekubali akiwa na kikombe mkononi hajakubali bado. Na uje baada ya mavuno. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na Februari mtama uliobaki nyumbani ni wa ugali.

Nimewapigia wale watu. Nimewaambia siku kumi. Wamesema wataulizana. Mimi Alhamisi nakwenda Chamwino hata hivyo. Gunia linaingia majini saa 11 alfajiri, na mama ameshaniambia hatanisubiri.