Kwa nini sefti wenu alitolewa: kanuni ya kumlenga mpinzani katika futiboli ya vyuo Marekani

Msimu wa futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani ya helmeti na kukabana, si kandanda) ukishafunguliwa mwishoni mwa Agosti, kitengo chetu huanza kupokea lalamiko lilelile, na mwaka huu limeongezeka. Safari hii baadhi ya ujumbe umekuja kwa Kiswahili, kutoka kwa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania ambazo sasa zina vijana kwenye vikosi. Lalamiko lenyewe, ukiondoa maneno makali, ni hili: mtoto wetu anacheza sefti (beki wa nyuma kabisa), amemvaa mtu kwa nguvu kama kocha alivyomfundisha, mwamuzi akamtoa, kosa lake nini?

Nimeombwa nieleze kwa lugha yetu. Haya ni maelezo ya elimu kwa umma. Hayachukui nafasi ya kitabu cha kanuni cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, cha msimu husika, ambacho hupitiwa kila mwaka, wala hayatoi uamuzi juu ya tukio lolote ambalo bado liko mezani.

Kanuni haikatazi kumbo kali. Narudia kwa sababu kila wiki naambiwa mchezo "umefanywa wa kinamama". Sefti anaweza kumpiga mbeba mpira kumbo la bega kifuani hadi mpira utoke na jukwaa zima lisimame, na mwamuzi asirushe kitambaa cha kuashiria kosa. Kilichokatazwa ni mambo mawili, yaliyoandikwa kama vifungu viwili tofauti. La kwanza ni kumlenga mpinzani yeyote, awe na mpira au hana, na kumgonga kwa nguvu kwa utosi wa helmeti. Utosi umepimwa: ni duara la inchi 6, yaani kama sentimita 15, kutoka kilele cha helmeti kwenda kila upande. La pili ni kumlenga na kumgonga kwa nguvu kichwani au shingoni mchezaji asiyeweza kujikinga, na hapa haijalishi umetumia helmeti, bega, kigasha, ngumi au kiwiko.

Nani asiyeweza kujikinga? Kwotabeki, yaani mwongoza mashambulizi, akiwa anarusha mpira. Mpokeaji aliyenyoosha mikono hewani, au ndiyo kwanza ameudaka na hajapata muda wa kugeuka. Mpiga teke. Anayesubiri kudaka mpira uliopigwa juu. Aliyeko chini. Mbeba mpira aliyeteleza miguu mbele kuashiria amekubali kusimama. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona kwa nini sefti ndiye anayeingia matatani mara kwa mara. Nafasi yake ni hii: ndiye mtu wa mwisho wa ulinzi. Anaanza yadi 12 au 15 nyuma, anauona mpira ukiwa bado hewani, anakimbia kwa kasi yake yote kuelekea mtu ambaye macho yake yako juu. Hakuna mchezaji mwingine anayekutana na mwenzake kwa mwendo ule na katika hali ile. 

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Wanadhani kifungu cha utosi kimewekwa kumlinda anayegongwa. Kimewekwa, tena kabla ya yote, kumlinda anayegonga.

Tarehe 28 Oktoba 1989, Chucky Mullins, beki wa Chuo Kikuu cha Mississippi, alimkimbilia Brad Gaines wa Vanderbilt aliyekuwa anadaka pasi. Alimgonga mgongoni kwa utosi wa helmeti. Gaines aliinuka. Mullins alivunjika pingili za shingo, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, na mwaka 1991 akafariki akiwa na umri wa miaka 21. Gaines, ambaye hakufanya kosa lolote, amekuwa akilizuru kaburi lake kwa miaka mingi. Tarehe 16 Oktoba 2010 Eric LeGrand wa Rutgers alipooza katika mchezo dhidi ya Army, timu ya chuo cha jeshi, katika mkimbio wa kurudisha mpira uliopigwa teke. Naye ndiye aliyekwenda kumkaba mwenzake.

Sababu ni ya kimwili na ilifafanuliwa katika miaka ya 1970, hasa na daktari wa mifupa Joseph Torg wa Philadelphia. Shingo ya mtu aliyeinua uso ina mkunjo wake wa asili. Misuli na diski hugawana nguvu ya pigo. Ukiinamisha kichwa, kidevu kikasogea kifuani, mkunjo ule hupotea na pingili hujipanga kama matofali yaliyopandana wima. Gonga kitu kwa utosi hapo: kichwa kinasimama, kiwiliwili bado kinakuja, na shingo iko katikati. Helmeti haisaidii chochote. Kwa kweli helmeti ngumu yenye kinga ya uso ndiyo iliyowapa wachezaji ujasiri wa kutumia kichwa kama rungu. Mwaka 1968 walikufa wachezaji 36 wa futiboli nchini humu, katika ngazi zote, kwa majeraha yaliyotokana moja kwa moja na mchezo. Mwaka 1976 kugonga kwa kutanguliza kichwa kukapigwa marufuku vyuoni na sekondari, na mwaka 1990 hakufa hata mmoja. Wanaosema "zamani tulicheza na hatukufa" wana hesabu yao; mimi nina hii.

Adhabu. Naomba hapa msomaji asiruke, maana asilimia kubwa ya simu zinatokana na kutosoma.

Kosa hili liliandikwa kama kosa linalojitegemea mwaka 2008, na mwaka 2013 likaongezewa kutolewa mchezoni. Likiitwa, timu inarudishwa yadi 15 na mchezaji anaondolewa. Kwa utaratibu ulioanza 2013, aliyetolewa kipindi cha kwanza anakosa sehemu iliyobaki ya mchezo huo. Aliyetolewa kipindi cha pili anakosa sehemu iliyobaki pamoja na kipindi cha kwanza cha mchezo unaofuata. Hiyo ya kuvuka hadi mchezo mwingine ndiyo inayobishaniwa zaidi, na kamati ya kanuni imeirudia zaidi ya mara moja, kwa hiyo shika kitabu cha msimu huu na si kumbukumbu za msimu uliopita. Tangu 2019, anayefikisha makosa 3 ya aina hii katika msimu mmoja anaongezewa kufungiwa mchezo mzima. Tangu 2020, aliyetolewa anaruhusiwa kubaki eneo la timu pembeni ya uwanja. Hapelekwi chumbani kama mhalifu, na kumwona amekaa na wenzake si ushahidi kwamba "wamembadilishia uamuzi".

Kila mwito wa kosa hili hupitiwa kwa picha za marudio pale penye mitambo hiyo. Ndugu zangu wa kandanda waichukulie kama VAR. Mwamuzi wa uwanjani anaelekezwa kwamba akiwa na shaka, aite kosa. Mwamuzi wa marudio anafanya kinyume chake: tangu 2019 ni lazima athibitishe kila sehemu ya kosa, moja baada ya nyingine. Sehemu moja isipothibitika, mwito unafutwa. Hakuna tena lile jibu la katikati la "uamuzi unabaki kama ulivyo". Mwito ukifutwa, mchezaji anarudi na yadi 15 zinaondolewa, isipokuwa kama tukio lilikuwa na kosa jingine ndani yake, kwa mfano kumchezea rafu mrushaji; hilo linabaki. Mwaka 2013 yadi zilibaki hata mchezaji aliporudishwa. Lilikuwa jambo la ajabu na lilirekebishwa mwaka uliofuata. Chumba cha marudio kinaweza pia kuusimamisha mchezo chenyewe kwa kosa la wazi ambalo uwanjani halikuonekana.

Rufaa ipo, kwa jambo moja tu. Tangu 2022, mchezaji aliyetolewa kipindi cha pili anaweza kuombewa msamaha wa kile kipindi cha mchezo unaofuata. Ombi linapitia konferensi ya chuo, yaani ligi ambayo chuo kinashiriki, linamfikia mratibu wa kitaifa wa waamuzi, anaangalia video, na akiona ni dhahiri kwamba adhabu ilitolewa kimakosa, anaifuta. Mzazi hatumi ombi. Mjomba hatumi ombi. Mchungaji hatumi ombi. Kututumia kipande cha video kilichopunguzwa mwendo na kuchorewa duara jekundu hakuanzishi rufaa yoyote.

Nikikumbushia sehemu moja isiyothibitika, wengi watataja robo fainali ya ubingwa wa vyuo iliyochezwa Atlanta tarehe 1 Januari 2025. Texas na Arizona State walikuwa 24 kwa 24, imebaki dakika moja na ushei, sefti Michael Taaffe wa Texas akamvaa mpokeaji Melquan Stovall. Uwanja mzima ulisubiri. Chumba cha marudio kikasema si kosa la kulenga, na Texas wakashinda 39 kwa 31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Nina maoni yangu kuhusu tukio lile na nitabaki nayo. Ninachoweza kusema ni kwamba kugongana kwa vichwa peke yake si kosa hili. Lazima kuwe na dalili ya kulenga: kuruka kwa kwenda juu na mbele, kuchuchumaa kisha kuchomoka, kutanguliza helmeti au mkono kuelekea kichwani, au kuinamisha kichwa kabla ya kugonga kwa utosi.

Na hapa ndipo "hakukusudia" inapoanguka. Kanuni haisomi moyo wa mtu. Inasoma miguu, mabega na kichwa. "Mpokeaji ndiye aliyejiinamisha" ni hoja nzuri kidogo, kwani kweli hutokea, na bega lililolengwa mbavuni likakutana na kidevu. Lakini sefti aliyeinua uso anaona na anaweza kubadilisha. Aliyeinamisha utosi haoni kitu. Wazazi waliocheza raga Kenya huwa wananielewa haraka zaidi kwenye hili. Wao walifundishwa tangu utotoni kwamba kwenye kukaba kichwa kinawekwa pembeni na bega ndilo linalofanya kazi.

Hatari yenyewe haiko Jumamosi, siku ya mchezo, tu. Utafiti uliofanywa katika vyuo 6 kati ya 2015 na 2019 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya mitikisiko ya ubongo ilitokea mazoezini. Ndiyo maana mwaka 2021 NCAA ilipunguza mazoezi ya pedi kamili ya kabla ya msimu hadi 9, ikaweka kikomo cha dakika 75 za kukabana kwa nguvu kamili katika zoezi moja, na kupiga marufuku yale mazoezi ya kugonganisha watu wawili uso kwa uso kama mafahali. Kwa hiyo baba anayemsimamisha kijana nyuma ya nyumba na kumfanyisha zoezi hilohilo "ili awe mgumu" anafanya kitu ambacho kocha angeadhibiwa akikifanya.

Mchezaji mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo. Harudi hata akisema yuko sawa, hata kama ni fainali. Anarudi hatua kwa hatua, siku kadhaa, kwa kibali cha daktari. Kwa walio sekondari, kila jimbo lina sheria yake. Ya kwanza ilipitishwa jimbo la Washington mwaka 2009 kwa jina la Zackery Lystedt, kijana aliyeumia ubongo akiwa na miaka 13 baada ya kurudishwa uwanjani, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Zipo familia ambazo kijana mwenyewe ndiye mkalimani wa nyumbani. Daktari anauliza mama kama mtoto amelalamika kichwa, na anayetafsiri swali ni yuleyule mwenye kichwa kinachouma na anayetaka kucheza Ijumaa. Jibu linajulikana. Hospitali na shule zinatakiwa kutoa mkalimani, bila malipo; ombeni. Na ile karatasi ya maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo inayoletwa nyumbani kabla ya msimu inasainiwa na mzazi au mlezi aliyeelezwa kilichoandikwa. Kaka mkubwa hasaini. Mchezaji hasaini kwa niaba ya baba yake, hata kama mwandiko wao unafanana.