Goti la Luger ni nini?

"Imevunjika hiyo!" Dereva mmoja wa bodaboda alipiga kelele kijiweni kwetu Mwanga, hapa Kigoma. Tulikuwa tumezunguka simu, tukimtazama mzee wa Kijerumani akilenga shabaha kwa bastola ya kale. Kila akifyatua, kitu mgongoni mwa bastola kinaruka juu, kinakunjika kama mguu wa panzi, kisha kinalala.

Haikuvunjika. Hilo ndilo goti. Wajerumani nao wanaliita Kniegelenk, kiungo cha goti. Bastola ni Luger, ambayo jeshi lao liliipokea mwaka 1908, miaka 8 kabla hawajaizamisha meli ya Götzen, Liemba yetu ya leo, kwa mikono yao wenyewe.

Baruti ikilipuka, gesi inasukuma pande zote: risasi mbele, ganda nyuma. Mlango wa nyuma ya mtutu ukifunguka mapema, ganda hupasuka na moto unamrudia mpigaji. Kwa hiyo lazima uwe umefungwa kwa nguvu, halafu ujifungue wenyewe kufumba na kufumbua. Unafanyaje?

Kaa chini, egemea ukuta, nyoosha mguu, mwambie mwenzako asukume unyayo. Atasukuma mpaka achoke, maana mfupa umekaa sawa na mfupa. Sasa mwingine apitishe mkono chini ya goti alinyanyue kidogo tu. Mguu wote unakunjika.

Ndani ya Luger kuna vyuma viwili vilivyoungwa hivyo hivyo, kama paja na muundi. Risasi ikitoka, mtutu na goti lililonyooka vinarudi nyuma pamoja, kidogo sana. Hapo vifundo viwili vya mviringo vilivyo pembeni mwa goti vinagonga miinuko ya fremu na kupanda, goti linakunjika, ganda linarushwa nje. Springi iliyomo ndani ya mpini inalivuta goti chini, nalo likinyooka linasukuma risasi nyingine kutoka magazini, inayobeba 8.

Georg Luger hakuanza na karatasi tupu. Bombomu ya Maxim ilikuwa na goti lake zamani, ila limefichwa ndani ya sanduku, na Hugo Borchardt alikwisha kuliingiza kwenye bastola mwaka 1893. Ile ya Borchardt ilikuwa kubwa na mbaya kushika. Luger akaipunguza ikakaa mkononi.

Goti hili lina madeko. Mchanga kidogo, linakwama. Risasi dhaifu hailifikishi mwisho, ganda linanasa. Risasi kali mno nayo inatesa chuma cha kale. Wenye bastola hizi huko Ulaya hubadilisha springi zilizochoka na huchagua risasi kwa uangalifu, kwa sababu vipande vingi vimegongwa namba ya bastola yenyewe. Kikikatika kimoja cha asili, bei inashuka.

Risasi ya mwisho ikitoka, goti halilali tena. Linabaki limesimama juu, ishara kwamba magazini imekwisha. Mzee wa kwenye video alipofika hapo, akaiweka bastola mezani.

"Si nilisema?" akasema yule wa bodaboda.