Ute wa mpungate kwenye lipu ya San Xavier

Nikitaja Tucson, mji wa jangwani kusini mwa Arizona, Marekani, watu huniuliza habari za michoro ya ukutani na bendi za mariachi. Vyote vipo, na vinapendeza. Lakini mimi ni fundi wa chokaa, kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale, na sanaa iliyonivuta huko ni lipu.

Kusini kidogo mwa mji, kwenye ardhi ya watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, lipo kanisa la San Xavier del Bac. Lilijengwa kati ya 1783 na 1797 kwa matofali ya kuchoma na chokaa. Lina minara miwili, na ule wa mashariki hadi leo haujawekewa kuba. Weupe wake unauona ukiwa mbali, ndiyo maana huitwa njiwa mweupe wa jangwani.

Karne iliyopita kuta zake zilipigwa saruji. Hadithi hii tunaijua vizuri sisi wa Mji Mkongwe na Lamu. Saruji ni ngumu na haipumui. Inafanya nyufa nyembamba kama unywele, maji ya mvua yanapenya, na yakishaingia hayana pa kutokea ila upande wa ndani. Huko yanatoka na chumvi, na huko ndiko kwenye michoro na sanamu zilizopakwa dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maji yalikuwa yamefika ndani. Ikabidi saruji ibanduliwe, irudi chokaa, nayo ikachanganywa na ute wa mpungate, ule mmea wa jangwani wenye miiba na vipande vinene vyenye maji.

Kata kipande cha mpungate ukifinye: ute unavutika kama wa bamia. Mafundi hukatakata vipande hivyo, huviloweka mpaka maji yawe mazito, huchuja, kisha hukorogea chokaa na mchanga. Kwa nini? Kwa sababu chokaa haitakiwi kukauka tu, inatakiwa kuiva. Hunyonya hewa ya ukaa polepole hadi igeuke jiwe tena, na bila unyevu kazi hiyo haifanyiki. Pwani kwetu unyevu umo hewani. Tucson mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 300, na jua la Juni linakausha lipu kabla haijashika. Lipu iliyokauka bila kuiva ukiipitishia kidole inabaki mkononi kama unga. Ute huzuia maji yasikimbie, chokaa ikapata muda wake. Tena hulainisha mchanganyiko, ukakubali mwiko na kung'ang'ania ukuta.

Ndani, kati ya 1992 na 1997, wataalamu kutoka Ulaya walisafisha michoro huku wakiwafundisha vijana wa Tohono O'odham kazi hiyo. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mtaalamu wa kigeni hupanda ndege akaondoka, na ufa hurudi.

Na kanisa lenyewe lina wenyewe. Kuna sanamu ya mtakatifu aliyelazwa chali, amefunikwa shuka. Waumini humbandikia picha za wagonjwa wao, kisha humwinua kichwa taratibu kwa kiganja wakisali. Fundi wa humo hafanyi kazi kwenye jumba la makumbusho. Ibada ikianza anashuka jukwaani, anawapisha watu wasali, halafu anapanda tena na mwiko wake.