Karte yako ya elekta inalala ku mashini ya nani?

Ba mama, ba papa, na nyinyi vijana wa Bukavu, leo nataka tuongee jambo tunaliona kila siku na tunapita tu. Mimi nafundisha enformatike, na juzi niliingia ku sekretaria moja (duka la kuprinti na fotokopi) ya hapa mjini kuprinti barua ya ukurasa mmoja. Watu walikuwa wengi, kijana akanipisha ku kiti nitafute fayilo yangu mwenyewe. Kufungua folda tu, nikakuta karte za elekta (kadi za mpiga kura) zimejaa, si moja si mbili. Ya mama mmoja ilikuwa wazi kabisa: sura yake, jina la baba yake na la mama yake, tarehe ya kuzaliwa, adresi ya kwake. Pembeni kuna diploma, kuna ba CV, kuna karatasi ya hospitali yenye matokeo ya damu ya mtu. Hiyo ya mwisho iliniuma sana, nikaifunga mbio.

Yule kijana si mwizi, tuelewane. Umeme unakatika, ukirudi foleni iko mpaka inje, kila mtu anasema fanya haraka dosie inafungwa leo, nani atapata muda wa kufuta? Fayilo zinabaki tu, na ile mashini ikiuzwa kesho, zinaenda nayo.

Na karte ya elekta kwetu si karatasi ndogo. Ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho, ndiyo unaonyesha ku banki, ku barrière, ukinunua laini ya simu. Zile za enrolema (kuandikisha wapiga kura) ya 2022 na 2023 nyingi zilianza kufutika wino, sura ikapotea, kwa hiyo watu wakazipiga picha na kuzituma huku na huku ili zisipotee. Naelewa kabisa. Lakini mtu mwenye roho mbaya akiwa na picha hiyo anaweza kujaribu kuandikisha laini kwa jina lako, akadanganya watu pesa kwa simu, na siku wakitafuta mwenye laini, jina linalotoka ni la mama yetu wa Kadutu ambaye hajui lolote.

Watu wananiambia, prof, mimi natuma kwa WhatsApp, WhatsApp iko salama. Ni kweli, tangu 2016 ujumbe unasafiri umefungwa, wa katikati hawezi kuusoma. Ila ukifika kwa uliyemtumia lazima ufunguke, na yeye ameunganisha WhatsApp yake na mashini ya kazi, kila picha inaingia pale, na wote wanaokaa ku kile kiti wanaiona. Halafu wengine wanafungua WhatsApp yao wenyewe ku mashini ya watu, wanaprinti, wanaenda zao bila kuitoa. Angalia leo ku simu yako, ndani ya WhatsApp, pale penye appareils connectés (mashini zilizounganishwa), ukiona mashini usiyoijua itoe.

Na kufuta pia hatukuelewi vizuri. Ukibonyeza Suppr, kile kitufe cha kufuta, fayilo inaingia ku korbei, kapu la takataka la mashini. Ukimwaga korbei, mashini kwa kawaida inafuta jina tu ku orodha yake, vitu vyenyewe vinaweza kubaki ku diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuna programu za bure za kuvirudisha. Njo maana dawa nzuri ni kutoacha kopi tangu mwanzo: leta flash yako, fayilo ifunguliwe moja kwa moja ku flash na iprintiwe pale pale. Najua flash zinarudi na virusi, ile inaficha folda zote na kuacha raccourci (njia za mkato) tu, basi weka humo ile fayilo moja tu ya kuprinti. Na ukitoa fotokopi ya karte, andika kwa kalamu juu yake ni ya dosie gani na tarehe gani, ili isitumike pengine.

Sheria iko. Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi: anayezishika lazima awe na sababu, na asizishike milele. Wenye sekretaria, hilo linawahusu pia. Tengenezeni folda moja ya siku, kila kitu cha wateja kiingie humo, jioni mnafuta yote.

Nilimwambia kijana hayo, akakubali, tukakaa tukafuta pamoja. Wiki iliyofuata nikapita, akanieleza shida ambayo sikuifikiria: anauliza kila mteja, nifute? na wengi wanajibu, acha hapo, nitarudi kesho. Hawana kompyuta, hawana flash, simu imejaa, ile sekretaria ndiyo kabati lao. Kwa hao, bei ya flash moja ndogo wachangie hata watu watatu wa nyumba moja, ikae kwa mama ndani ya sanduku pamoja na diploma.