Uvimbe adimu wa ubongo kwa watu wazima: picha peke yake haitoshi

Nimeambiwa uvimbe wangu ni adimu. Ndiyo kusema ni mbaya zaidi?

Hapana. Marekani saratani huitwa adimu ikiwapata watu chini ya 15 katika kila 100,000 kwa mwaka, na kwa kipimo hicho karibu zote zinazoanzia ubongoni ni adimu. Glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo iliyo kali kuliko nyingi, ndiyo wapasuaji wanayoizoea. Shida ya uadimu ni kwamba daktari wa kituo cha afya anaweza kustaafu bila kukutana na ependimoma, aina nyingine ya uvimbe wa ubongo, kwa mtu mzima hata mara moja.

Dalili gani hupuuzwa?

Kuumwa kichwa alfajiri kunakoambatana na kutapika watu wengi wanakujua. Kinachopotea ni kifafa cha ukubwani. Mtu ana miaka 38, hajawahi kuanguka. Leo yuko jikoni, mkono wa kulia unaanza kurukaruka wenyewe, kisha yuko chini. Nyumbani mmoja anatafuta kitunguu anuse, mwingine anataja jina la jirani. Wapo wasioanguka kabisa: wanasikia harufu ya kitu kinachoungua ambayo hakuna mwingine anayeisikia, dakika moja, halafu basi. Kifafa kinachoanza ukubwani kinadai picha ya kichwa. Jirani mwacheni.

MRI imeshaonyesha uvimbe. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara, cha nini tena?

MRI inaonyesha ulipo na ukubwa wake. Jina lake mara nyingi ni la kukisia. Chukua mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, zimeshuka chini ya 100. Picha inaonyesha duara linalong'aa pembezoni. Inaweza kuwa toksoplasma, maambukizi yanayotibika kwa vidonge, au limfoma ya ubongo, ambayo ni saratani. Kwa picha zinafanana kama ndugu. Mara nyingi daktari huanza na dawa za toksoplasma, kisha baada ya wiki mbili hivi anarudia picha. Uvimbe usipopungua, ndipo kinyama huchukuliwa kwa sindano nyembamba.

Nimesikia deksa huweza kuharibu kipimo. Kweli?

Kweli, na hapa ndipo ningependa ndugu wa mgonjwa wasome mara mbili. Deksamethasoni, yaani deksa, hupunguza maji yanayouzunguka uvimbe, mgonjwa anaamka, anaongea, anaomba uji. Lakini ikiwa ni limfoma, dawa hiyo huua seli zake kwa siku chache. Mpasuaji akija kuchukua kinyama, maabara inakuta mabaki yasiyo na jina. Wiki kadhaa baadaye uvimbe unarudi. Kwa hiyo limfoma ikishukiwa, deksa husubiri kinyama, isipokuwa ubongo umebanwa na maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Muulizeni daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Jina likishajulikana, tiba inabadilikaje?

Sana. Limfoma haihitaji kukatwa yote. Tiba yake kuu ni methotreksati, dawa ya kemo, ya dozi kubwa, mgonjwa akiwa wodini na dripu nyingi ili figo zisidhurike. Mwenye VVU lazima pia awe kwenye ARV. Meduloblastoma, uvimbe wa ubongo wa watoto hasa, ikimpata mtu mzima hukatwa, kisha mionzi hupigwa kichwani na kwenye uti wa mgongo wote.

Oligodendroglioma, aina nyingine ya uvimbe wa ubongo, hutambuliwa kwa jeni: kuna badiliko la jeni iitwayo IDH, na vipande viwili vya kromosomu, 1p na 19q, vimepotea pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa wa uvimbe wa daraja la 3, yaani ulio mkali, wenye upotevu huo. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 7.3, walioongezewa dawa tatu za kemo, miaka 14.7.

Tanzania tuanzie wapi?

Upasuaji wa ubongo unafanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na mionzi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road. Vipimo vya jeni havipo kila maabara, kwa hiyo ombeni jambo moja mapema: bloku ya nta yenye kinyama itunzwe, na mjue iko maabara ipi, kwa namba gani. Kipimo kikipatikana hata mwaka ujao, kitafanywa kwa bloku hiyohiyo bila kufungua kichwa tena.