Je, wajua karatasi ya manila inaweza kuzuia oili ya difu?

Ingia chini ya Land Rover ya zamani, Series II au III, utazame mbele ya ekseli ya nyuma pale propela, yaani shafti inayoleta nguvu ya injini, inapoingia. Difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu hiyo kwa magurudumu, imebanwa kwa nati 10, na baina ya chuma na chuma pana ukingo mwembamba wa kitu cha rangi ya kahawia. Ni karatasi, si mpira wala risasi. Ukiishika mkononi ni nyepesi kama bahasha, na ndiyo inayozuia lita 1.75 hivi za oili zisimwagike barabarani.

Karatasi hiyo ndiyo gasketi. Ukiitafuta kwenye maduka ya spea ya Malindi, mara nyingi utaikosa. Series II ilianza kuundwa mwaka 1958 na Series III ikakoma mwaka 1985. Muuza duka hawezi kuweka akiba ya kitu kinachoulizwa mara moja kwa mwaka. Kwa Morris Minor, gari lililoanza mwaka 1948 na kukoma 1971, hali ni ngumu zaidi. Habari njema ni kwamba gasketi hizi zinakatika kwa mkono, na ikikatwa vizuri haipungukiwi na kitu mbele ya ile ya kiwandani. Sharti ni moja: ujue unene kabla hujashika mkasi.

Kwanza, kwa nini karatasi? Uso wa chuma uliochongwa kwa mashine unaonekana laini, lakini una mifereji midogo iliyoachwa na kisu cha mashine. Ukibananisha nyuso mbili kavu, oili hufuata mifereji hiyo hadi nje. Karatasi ni nyuzi zilizosongamana: ikibanwa, nyuzi hujaza mifereji, na oili ikizifikia zinafura kidogo na kuziba zaidi. Tena oili ya difu haina presha; inarushwa tu na gia kubwa inapozunguka. Ndiyo maana karatasi inatosha hapa na haitoshi kabisa kwenye silinda hedi, penye moto na mgandamizo.

Sasa unene. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na huharibika kimyakimya. Chukua hub ya nyuma ya Morris Minor, yaani kitovu kinachoshika gurudumu. Beringi ikishaingizwa, ukingo wake wa nje unatakiwa utokeze juu ya uso wa hub, pamoja na karatasi yake, kwa milimita 0.025 hadi 0.10. Flanji ya shafti, yaani ukingo wake mpana, ikifungwa hulala juu ya ukingo huo na kuikaba beringi isicheze. Ukiweka kipande cha boksi chenye unene wa nusu milimita, flanji inalala juu ya boksi badala ya beringi. Gari litatembea siku ya kwanza bila kelele. Lakini beringi haijakabwa: itacheza ndani ya hub, italila tundu lake, na oili itapita hadi kwenye viatu vya breki. Fundi atabadilisha sili, yaani pete ya kuzuia oili, mara mbili tatu akidhani ndiyo mbovu, kumbe kosa ni karatasi.

Volkswagen ya mgongo wa kobe, ile yenye ekseli zinazocheza juu na chini, nayo ni hivyo hivyo. Gasketi za pale bomba la ekseli linapoungana na gia ndizo zinazoamua mchezo wa bomba, yaani nafasi yake ya kusogea, na mchezo huo haupaswi kuzidi milimita 0.2. Karatasi nene mno, bomba linagonga. Nyembamba mno, linakaza.

Difu ya Land Rover ina huruma zaidi. Gia zake kuu mbili zimepangwa ndani ya kibebeo kimoja kinachotoka kizima, kwa hiyo unene wa gasketi haubadilishi jinsi meno yanavyoumana. Karatasi ya robo milimita inafaa. Anayejifunza kukata na aanzie hapa.

Kupima, tumia maikrometa kwenye gasketi ya zamani, ila usipime karibu na matundu ya boliti kwa sababu pale imekandamizwa. Tafuta kipande kilichochungulia nje ya flanji bila kubanwa. Huna maikrometa? Panga karatasi kumi za aina unayotaka kutumia, zipime pamoja kwa kalipa, ugawe kwa kumi.

Gasketi kuukuu isikwanguliwe kavu. Nyingi za miaka hiyo huenda zina asbesto, madini yenye nyuzi za hatari, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Ilowanishe kwa maji yenye sabuni, ikwangue ikiwa mbichi, kusanya mabaki kwenye mfuko. Usitumie brashi ya mashine.

Karatasi halisi ya gasketi huuzwa kwa shiti, na kama Malindi haipo, Mombasa ni kilomita 120 hivi. Isipopatikana, manila ya duka la vitabu hufanya kazi kwenye difu na kwenye flanji za hub ya Land Rover, mradi uipake grisi nyembamba pande zote mbili. Boksi la nafaka ya asubuhi tusilitumie: limeundwa kwa tabaka, na oili hupenya katikati ya tabaka na kuchuruzika pembeni. Koki, yaani gome laini la kutengenezea vizibo, ni ya vifuniko vya bati, haifai kwenye nyuso zilizochongwa.

Kuchukua umbo kuna mtego. Upande wa ekseli umejaa stadi, yaani boliti zisizo na kichwa zilizokita kwenye chuma, hivyo karatasi hailali. Chukua umbo kwenye flanji ya difu yenyewe, yenye matundu matupu. Safisha flanji, paka oili kidogo, laza karatasi, kisha pitisha kidole gumba kwenye kila ukingo hadi mstari mweusi ujichore. Wengi hugonga ukingo kwa nyundo ya kichwa cha duara hadi karatasi ikatike. Tunashauri uache: nyundo hukunja ncha ya chuma, na ncha iliyokunjika ndiyo njia ya oili ya kesho.

Mpangilio wa kukata ni matundu kwanza, duara la ndani baadaye, ukingo wa nje mwisho. Karatasi ikiwa bado shiti nzima ina nguvu. Ukianza na nje unabaki na pete inayochanika kila ukiigusa. Toboa matundu mawili yanayokabiliana, yatie boliti ili karatasi isihame, halafu toboa yaliyobaki. Stadi ya Land Rover ina unene wa milimita 9.5, basi tundu liwe 10.5. Kitobozi ni kipande cha bomba la chuma kilichonolewa kwa nje, si kwa ndani, ili tundu litoke safi. Gonga pigo moja juu ya gogo la mwembe, upande ulikokatwa, sio ubavuni. Na duara la ndani lisichungulie ndani ya ekseli hata kidogo, maana ncha hiyo italowa, itakatika, na itasagwa na gia.

Unaweza pia kuipeleka gasketi ya zamani saiba, ikaskaniwa kando ya rula na umbo likahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Kabla ya kukata, chapisha na upime: milimita 100 za rula ziwe 100 kwenye karatasi. Printa nyingi hupunguza picha ili ienee ukurasa, na matundu yote yanakosa.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, nayo karatasi hutanuka. Pete kubwa iliyokatwa Jumatatu na kuachwa mezani inaweza kukosana na stadi kwa milimita moja ifikapo Ijumaa. Ikate na uifunge siku hiyo hiyo, au uilaze bapa ndani ya plastiki iliyozibwa. Gasketi ya kiwandani iliyokaa miaka kwenye bahasha huwa na tatizo la kinyume, yaani imekauka na kusinyaa. Iloweshe maji ya vuguvugu dakika chache, itarudi.

Kabla ya kuirudisha difu, pitisha jiwe la kunolea kwa wepesi kuzunguka kila stadi, maana chuma huvutwa juu pale na kuwa kama kichuguu. Gari linalopita mchanga wa ufukweni Mambrui huwa na mashimo ya kutu kwenye flanji. Yajaze kwa gundi ya gasketi kiasi cha kufuta na kidole, usirundike. Silikoni inayofurika ndani hukatika vipande vipande na kuelea kwenye oili. Funga nati kwa kukabilisha, moja hapa na nyingine upande wa pili, kwa awamu tatu. Rudia kukaza baada ya siku chache za kuendesha, kwa kuwa karatasi hunywea ikishabanwa.

Oili ni ile nzito ya gia iitwayo EP90. Gari likiwa kwenye sakafu ya sawasawa, jaza hadi ianze kudondoka kwenye tundu la kupimia.

Ikivuja tena, kabla ya kulaumu karatasi angalia kipumulio, yaani tundu la kupitishia hewa lililo juu ya ekseli. Kikizibwa na matope ya mto Sabaki, hewa ya ndani ikipata joto haina pa kutokea, inaisukuma oili kwenye sili. Na ekseli yenye moto ikitumbukia majini, hewa hiyo husinyaa ghafla na kuvuta maji ndani. Ukifungua oili ukaikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hayo ndiyo maji yenyewe: imwage yote, safisha kipumulio hadi ukipuliza hewa ipite, kisha ujaze upya.