Operesheni ya kifua kwa tundu ndogo: maswali tunayoulizwa wodini

Hapa Kisumu mtu akiambiwa ataenda operesheni ya kifua familia nzima inanyamaza, kila mmoja anawaza kifua kupasuliwa na mbavu kutanuliwa kwa chuma. Iko njia nyingine, ya kamera na tundu ndogo, kwa karatasi utaona imeandikwa VATS, na maswali yake wodini ni yale yale.

Inafanywaje?

Unapewa dawa ya usingizi mzito, hutasikia kitu. Paipu maalum inapitishwa kooni ili mashine ipumulishe pafu moja, lile lingine linasinyaa daktari apate nafasi. Unalazwa kwa ubavu, anakata tundu moja mpaka tatu hivi kati ya mbavu, nyingi sentimita 1 hadi 4, anaingiza kamera na vyombo na anafanya kazi akiangalia skrini. Mbavu hazitanuliwi na hapo ndipo tofauti iko, sababu maumivu mengi ya kufungua kifua yanatokana na mbavu kutanuliwa na mishipa ya fahamu inayopita chini yake kubanwa. Na msidhani tunajaribiwa na kitu kipya, daktari mmoja wa Uswidi, Jacobaeus, aliandika kuhusu kuchungulia kifua kwa tundu mwaka wa 1910, na baadaye ikatumika sana kwa wagonjwa wa TB. Kamera za video zilienea miaka ya 1990.

Nani anaihitaji?

Mwenye pafu linalovuja hewa mara kwa mara, mwenye maji kifuani ambayo chanzo hakijulikani, anayehitaji kutolewa kinyama kipimwe, wengine wenye saratani ya pafu iliyoshikwa mapema. Na usaha kifuani, hapa naomba mnisikize vizuri.

Usaha ukiwa bado mwepesi mara nyingi paipu ya kuutoa kupitia ubavuni na antibayotiki zinatosha. Ukikaa unakuwa mzito na kujigawa vijumba vijumba, paipu ikitoa hiki kile kingine kinabaki, na huo ndio wakati kamera inasaidia kweli maana daktari anavunja zile kuta akiziona. Ukikaa wiki nyingi zaidi unageuka ganda gumu juu ya pafu, linakuwa kama puto lililofungwa ndani ya gunia, utavuta hewa lakini halitanuki. Hapo mara nyingi ni kufungua kifua tu. Sasa mtu ana homa kila jioni, ubavu unachoma akivuta pumzi, anameza dawa ya malaria, ikiisha anaenda duka la dawa abadilishiwe, mwezi unaisha bila hata eksirei moja. Inaniuma sana kuona hivyo. Homa na kikohozi vikikataa kuisha omba eksirei, na pimwa TB pia.

Niliugua TB kitambo, nitafanyiwa?

Pengine ndiyo, lakini sema mapema hata kama ulipona kabisa. TB inaweza kuacha makovu yanayogandisha pafu kwa ukuta wa kifua na kamera ikakosa pa kupita. Daktari akiona hivyo, au damu ikitoka nyingi, atafungua kifua kawaida. Ni kukulinda, usione kama ameshindwa. Muulize kabla hujasaini fomu.

Na ile chupa?

Ukiamka utakuta paipu ubavuni imeshuka kwa chupa yenye maji. Chupa ikae chini ya kifua chako kila wakati, hata ukienda choo, ukiiinua maji yanaweza kurudi ndani. Maji kupanda na kushuka ukipumua ni sawa, mapovu yanaonyesha hewa bado inatoka. Ndugu na jamaa mkija kuona mgonjwa msiibane paipu wala kuweka chupa juu ya kitanda tafadhali. Paipu ikichomoka ziba tundu na uite nesi saa hiyo hiyo. Inatolewa pafu likishatanuka na maji yanayotoka kifuani yakipungua, kwa wengi ni siku chache, lakini hewa ikizidi kuvuja utakaa nayo zaidi.

Tundu ni ndogo, mbona bado nasikia uchungu?

Ngozi imekatwa kidogo lakini ndani kazi imefanyika, ni operesheni kubwa bado. Usivumilie kimya, mama zetu hasa mnavumilia sana. Ukiumwa utaogopa kukohoa, makohozi yatalala kwa pafu na nimonia itaingia. Itisha dawa, kumbatia mto ukikohoa, vuta pumzi ndefu kila saa ukiwa macho, na ukiruhusiwa tembea kesho yake. Ganzi kidogo kifuani inaweza kukaa miezi. Sigara iache wiki 4 au zaidi kabla ya operesheni.

Pesa?

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, si NHIF tena. Pita ofisi yao hospitalini kabla ya tarehe yako, uliza kinacholipwa na kama kuna vifaa vya kununua kando.

Nikirudi nyumbani?

Boda kwa barabara ya mashimo hapana kwanza, mtungi wa lita 20 pia hapana mpaka daktari aseme sawa. Ndege ya kwenda Nairobi uliza kwanza, hewa iliyobaki kifuani inatanuka ukiwa juu. Pumzi ikikata ghafla, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha au ukikohoa damu, rudi hospitali usiku huo huo, usingoje kliniki.